Shilingi ya Buseresere na Shilingi ya Dar es Salaam

Wasikilizaji wetu wengi wamezoea kusema ya kuwa mjini ni ghali na shamba ni rahisi, na mtu akisema hivyo wenziwe humwitikia bila kumwuliza zaidi. Lakini nenda kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Buseresere, umwulize bei ya mfuko wa saruji na ya bati moja, kisha umwulize bei aliyoikuta huko pwani. Utaona ya kuwa bati lililo rahisi liko Dar es Salaam, na lililo ghali liko Buseresere. Basi neno hili "ghali" si jepesi kama lionekanavyo, na leo twapenda kulifungua kidogo, tuone jinsi mtu awezavyo kulinganisha gharama ya maisha ya mji mmoja na ya mji mwingine ulio katika nchi ileile, wenye fedha ileile na sheria zilezile.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Kila mwaka vijana huuza mbuzi au baiskeli wapate nauli ya kufuata mshahara mkubwa mjini. Baada ya miezi michache mzazi hupata habari kwa simu ya kuwa fedha haitoshi, naye hushangaa, maana mshahara ule aliotajiwa ni mkubwa kuliko mapato yake yote ya pamba. Aliyeondoka humdhani aliyebaki kuwa anakula bure, na aliyebaki humdhani aliyeondoka kuwa anatajirika na kuwasahau wazee wake. Ugomvi mwingi wa nyumbani hutoka katika hesabu ambayo hakuna aliyeifanya.

Kwa wasiopajua, Buseresere ni mji mdogo wa biashara katika wilaya ya Chato, mkoa wa Geita, juu ya barabara kuu itokayo Mwanza na Geita kwenda Biharamulo na Bukoba. Mji huu umeshikamana na Katoro, ulio wa wilaya ya Geita, hata mgeni akipita hajui mmoja umekoma wapi na wa pili umeanza wapi. Mkoa wenyewe uliundwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za Mwanza, Shinyanga na Kagera, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 ulikuwa na watu 2,977,608. Dar es Salaam mwaka huohuo ilikuwa na watu 5,383,728. Tumechagua Buseresere kwa sababu mambo matatu yamekutana pale: chakula cha shamba kilicho karibu, bidhaa za viwandani zitokazo mbali, na fedha ya dhahabu ambayo haingoji msimu wa mavuno.

Na tuanze na bidhaa zitokazo mbali. Toka Dar es Salaam mpaka Mwanza ni zaidi ya kilometa 1,100. Zamani mizigo ilikwenda kwa magari ya moshi: reli ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi lake la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Siku hizi mzigo mwingi huja kwa lori, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Nzega. Dereva apewe posho, matairi yaishe, mafuta yanunuliwe, na kila gharama hiyo hugawanywa juu ya mabati na mifuko iliyomo ndani ya lori. Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi aliyetoka Mwanza kwenda Geita alisimama Kigongo akingoja kivuko cha kumvusha mpaka Busisi, na siku za msongamano malori yalipanga foleni saa nyingi. Daraja refu la mahali hapo, lenye kilometa 3 na kitu, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Saa ile ambayo lori hukaa halitembei ni gharama kama mafuta yalivyo gharama, ingawa haiandikwi katika stakabadhi yoyote.

Mtu akitaka ushahidi wa bei ya umbali, na atazame mafuta ya petroli. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, iitwayo EWURA, hutangaza kila mwezi bei ya juu kabisa ambayo mwenye kituo aruhusiwa kuuza, nayo huitangaza mji kwa mji. Mafuta huingia nchini kwa bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Lita iuzwayo Mwanza au Geita aghalabu huzidi ile ya Dar es Salaam kwa shilingi mia moja na zaidi, na wilaya za mpakani mwa Kagera huzidi kuliko hapo. Hakuna mwizi hapa, wala ulanguzi. Ni njia tu. Hata sukari, Januari 2024 ilipokuwa haba, Bodi ya Sukari ilitangaza bei kikomo ya rejareja iliyokuwa kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo, ikitofautiana kwa kanda.

Sasa geuza lori hilo. Mchele wa Kahama, wa Geita na wa Shinyanga hupakiwa magunia na kwenda pwani, na mwingine huvuka mipaka. Kwa mlaji wa Dar es Salaam mchele ule una nauli ndani yake. Kwa mlaji wa Buseresere hauna. Vivyo hivyo unga wa udaga, viazi, michembe, maharage na mananasi. Basi kanuni ya kwanza ni nyepesi: kitu ni rahisi karibu na kitokapo, tena hupanda bei kadiri kinavyosafiri.

Walakini kanuni hii ina mapengo yake. Mtu angedhani ya kuwa samaki wa ziwani ni rahisi sana kwa wakaao karibu na ziwa. Dagaa ni hivyo. Lakini sangara, tangu viwanda vya minofu vilipojengwa Mwanza katika miaka ya 1990 na minofu kupelekwa Ulaya, amekuwa na mnunuzi mwenye mfuko mrefu kuliko wa mvuvi. Kwa hiyo watu wengi wa kando ya ziwa walibaki kula mapanki, yaani kichwa na mifupa baada ya mnofu kwenda zake. Ukaribu wa kitu haukusaidii ikiwa yuko mtu wa mbali awezaye kukilipa zaidi yako.

Kuna na vitu ambavyo umbali hauvigusi. TANESCO huuza umeme wa majumbani kwa viwango vilevile, ikiwa mteja yuko Kariakoo au Buseresere. Mshahara wa mwalimu wa serikali hufuata daraja lake, haufuati mji alikopangwa. Walimu wawili wa daraja moja, mmoja Ilala na mmoja Chato, hupokea sawasawa. Tafakarini jambo hili, maana si dogo: ikiwa mshahara ni mmoja na bei si moja, basi mishahara hiyo si sawa ila katika karatasi.

Zamani serikali iliwahi kulitazama jambo hili kwa njia nyingine. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kazi mwaka 1963 iliweka viwango vitatu: shilingi 150 kwa mwezi Dar es Salaam na Tanga, shilingi 125 katika miji mingine iliyotajwa, na shilingi 100 mahali pengine. Yaani ilikubaliwa wazi ya kuwa shilingi ya pwani hununua kidogo. Amri ya mwaka 2022, iliyoanza tarehe 1 Januari 2023, haikupanga kwa miji bali kwa aina ya kazi: kibarua wa shamba shilingi 140,000 kwa mwezi, na mfanyakazi wa mwenye leseni ndogo ya kuchimba madini shilingi 300,000, popote alipo Tanzania Bara. Kila njia ina faida yake na hasara yake. Kupanga kwa miji huleta haki ya bei, lakini huvuta watu kuacha vijiji. Kupanga kwa kazi ni rahisi kusimamia, lakini humwacha mfanyakazi wa mji ghali ajipiganie mwenyewe. Na watu walioona ya kuwa mshahara haufikii bei hawakunyamaza: Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na Septemba mwaka huohuo wachukuzi wa bandari ya Dar es Salaam wakagoma, mgomo ukapanda bara kwa kufuata reli. Neno lao kubwa lilikuwa hilihili tulilolishika leo, gharama ya maisha.

Kodi ya nyumba yataka kusemwa peke yake, maana chumba hakipakiwi kwenye lori. Mchele ukiwa haba Dar es Salaam, mwingine huletwa. Vyumba vikiwa haba Sinza, huwezi kuleta vya Chato. Ndiyo sababu tofauti ya kodi baina ya miji hupita tofauti ya bei ya vyakula. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 ya kuwa itahamia Dodoma kwa nguvu, watumishi wakaanza kufika, kodi za Dodoma zilipanda ingawa zabibu na mtama wa pale havikupanda kwa sababu hiyo. Arusha nayo ina wageni watalii na mashirika ya mataifa, nao hukodi nyumba kwa fedha ambayo mwenyeji hana.

Katika nchi ya dhahabu badala ya wizara au watalii kuna mawe. Geita dhahabu ilichimbwa kwa mashine toka miaka ya 1930 hata mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Lakini kwa bei za Katoro na Buseresere wachimbaji wadogo wana nguvu kuliko mgodi, kwa kuwa mgodi hununua vitu vyake kwa barua na mikataba, na mwanaapolo hununua sokoni jioni ileile aliyopata. Bei ya dhahabu haipangwi Geita wala Dar es Salaam; hupangwa katika masoko ya dunia, nayo ilipita dola 2,000 kwa aunsi mara ya kwanza mwaka 2020, ikapita 3,000 mwezi wa Machi 2025. Fedha hiyo huja hapa kama mvua isiyofuata masika.

Mwaonaje duara jipya linapotoa? Habari huenea kwa siku mbili. Mamia ya watu hufika, na wote wataka mahali pa kulala, maji ya kunywa na sahani ya wali. Vyumba havikuongezeka, kisima ni kilekile, na mama ntilie ana sufuria zilezile. Basi bei hupanda, si kwa kuwa watu wamekuwa wabaya, bali kwa kuwa fedha imefika kabla ya vitu. Baada ya wiki kadhaa wauzaji wengine huja na maturubai, magudulia na mchele, bei ikashuka kidogo. Na mawe yakiisha, watu huondoka na chumba kilichogombewa jana hakina mpangaji. Mkulima wa karibu hufaidika akiwa na mchele wa kuuza, na huumia akiwa mnunuzi. Mtumishi wa mshahara, kama muuguzi au mwalimu, huumia tu, maana mshahara wake haukusikia habari ya duara. Kwa hiyo hata "shamba" si moja: kijiji cha wakulima kilicho mbali na machimbo, na kijiji cha Rwamgasa au Nyarugusu chenye dhahabu, havina gharama moja ya maisha.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe ya kulinganisha. Kizuizi cha kwanza ni vipimo. Buseresere mtu huuza unga kwa sado na debe, Dar es Salaam huuza kwa kilo. Sado ya mmoja imejazwa mpaka kichwa, ya mwingine imekatwa juu kwa fimbo. Gunia la lumbesa, ambalo Wakala wa Vipimo hulipiga marufuku, hubeba zaidi ya gunia la halali, na anayesema "gunia la mchele ni shilingi kadha wa kadha" hajakwambia neno mpaka aseme ni gunia gani. Geuza kila kitu kiwe kilo na lita kwanza. Kizuizi cha pili ni msimu. Mchele wa mwezi wa Juni, mavuno yakiwa uani, haulinganishwi na wa Februari. Linganisha mwezi kwa mwezi.

Kizuizi cha tatu ndicho kikubwa, nacho ni hiki: unalinganisha kapu la nani? Tutoe mfano wa hesabu. Bei hizi si za soko lolote, tumezitunga ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme kuna vitu viwili tu duniani, unga na nguo. Kilo ya unga ni shilingi 1,000 Buseresere na 2,000 Dar es Salaam. Nguo moja ni shilingi 12,000 Buseresere na 8,000 Dar es Salaam, kwa kuwa imeshushwa bandarini palepale.

Jamaa wa Buseresere kwa mwezi hutumia kilo 60 za unga na nguo 2. Kwao ni shilingi 60,000 na 24,000, jumla 84,000. Akichukua kapu lake hilohilo kwenda kulinunua Dar es Salaam atalipa 120,000 na 16,000, jumla 136,000. Kwa kapu lake, Dar es Salaam ni ghali kwa 62 kwa mia. Sasa jamaa wa Dar es Salaam, kwa kuwa unga ni ghali kwake na nguo ni rahisi, hutumia kilo 20 za unga na nguo 6. Kwake hulipa 40,000 na 48,000, jumla 88,000. Akija Buseresere na kapu lake atalipa 20,000 kwa unga na 72,000 kwa nguo, jumla 92,000. Huyu atarudi akisema Dar es Salaam ni rahisi, nafuu ya 4 kwa mia na zaidi!

Nani mwongo? Hakuna. Kila mmoja amelipima jambo kwa tumbo lake na kwa desturi yake. Wataalamu wa Ulaya waliliona hili zamani. Étienne Laspeyres mwaka 1871 alieleza njia ya kutumia kapu la kwanza. Hermann Paasche mwaka 1874 akaeleza njia ya kutumia kapu la pili. Na mwaka 1922 Irving Fisher wa Marekani akatetea njia ya kuzichanganya mbili, kwa kuzidisha majibu na kutafuta kipeo cha pili chake. Katika mfano wetu jawabu la Fisher ni karibu 124, yaani Dar es Salaam ni ghali kwa 24 kwa mia. Jawabu hili si la mtu yeyote hasa, lakini halimpendelei mmoja juu ya mwenzake.

Yafaa kujua pia ya kuwa kapu la maskini limejaa chakula. Ernst Engel, mtaalamu wa takwimu wa Ujerumani, aliandika mwaka 1857 ya kuwa kadiri jamaa wanavyokuwa na mapato madogo, ndivyo sehemu kubwa ya mapato yao inavyokwenda katika chakula. Katika kapu la Ofisi ya Taifa ya Takwimu chakula kilikuwa sehemu 38.5 kwa mia lilipopangwa kwa mwaka 2015, na 28.2 kwa mia lilipopangwa upya kwa mwaka 2020. Hilo ni kapu la wastani wa wote, matajiri wamo. Mjane anunuaye chakula chote sokoni asilitumie kupimia maisha yake, maana kwake unga ukipanda, karibu kila kitu kimepanda.

Hapa tuseme neno juu ya kosa lifanywalo na watu wengi, hata wasomi. Ofisi hiyo hutangaza kila mwezi fahirisi ya bei za walaji, na tukaambiwa mathalan ya kuwa mfumuko wa bei ulikuwa 4.3 kwa mia mwaka 2022, 3.8 mwaka 2023, na 3.1 mwaka 2024. Namba hizi zalinganisha wakati na wakati, hazilinganishi mahali na mahali. Tuseme mji mmoja unaanza na bei ya 1,000 na mwingine 2,000, na yote miwili ikapanda kwa 5 kwa mia: fahirisi ya kila mmoja itasema 105. Mtu asiyejua ataona namba mbili zilizo sawa, adhani miji ni sawa, na kumbe mmoja ni ghali maradufu. Kadhalika, mfumuko ukishuka kutoka 4.3 hata 3.1 bei hazikushuka. Zimepanda polepole zaidi. Watu wengi hugombana na redio juu ya hili, wakisema tumewadanganya.

Na urahisi wa bei si utajiri. Katika uchunguzi wa matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18, ofisi hiyohiyo iliweka kipimo cha mahitaji ya lazima kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Waliokuwa chini ya kipimo hicho Tanzania Bara walikuwa 26.4 kwa mia, vijijini 31.3, na mijini 15.8. Kijijini bei ni nafuu, lakini fedha ni haba kuliko nafuu ile.

Basi na tumchukue kijana mmoja wa Buseresere, atakayetufanyia hesabu ya mwisho. Hapa tena shilingi ni za mfano, ila nauli. Hapo alipo hupata 200,000 kwa mwezi kwa kazi ya dukani, hulipa chumba 25,000, na huenda kazini kwa miguu. Hubaki na 175,000. Rafiki yake amempigia simu toka Dar es Salaam ya kuwa kuna kazi ya 350,000. Kijana huona 150,000 zaidi, na usiku ule halali.

Lakini chumba huko ni 70,000, tena kiko mbali na kazi, naye hupanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Desemba 2023 mamlaka ya usafiri, LATRA, ilipandisha nauli ya safari isiyozidi kilometa 10 kutoka shilingi 500 hata 600. Safari nne kwa siku ni 2,400, na kwa siku 26 za kazi ni 62,400. Ondoa chumba na nauli, zimebaki 217,600. Fedha hizi ni za Dar es Salaam, na katika mfano wetu Dar es Salaam ni ghali kwa 24 kwa mia. Zigawe kwa 1.24, utapata karibu 175,500 za Buseresere. Ile nyongeza ya 150,000 imekuwa shilingi mia tano. Na udaga uletwao toka shambani kwa mama yake, ambao haununui, hatukuuhesabu bado.

Hatusemi hivi ili kumzuia. Badili neno moja na hesabu yote hugeuka: akikaa kwa mjomba wake bila kodi, au akipata chumba cha kutembea kwa miguu mpaka kazini, atapata faida njema kweli. Pia viko vitu ambavyo huku havina bei kwa kuwa havipo. Mgonjwa wa Buseresere atakaye bingwa huenda Chato, kwenye hospitali ya rufaa ya kanda, au Bugando mjini Mwanza, na juu ya gharama ya dawa huweka nauli ya watu wawili na chakula cha msindikizaji. Mgonjwa wa Ilala hupanda daladala. Nayo maji: Shinyanga na Kahama walikuwa na taabu kubwa ya maji mpaka mradi wa kuyavuta toka Ziwa Victoria ulipofunguliwa mwaka 2009. Katika kapu la mama wa Shinyanga ndoo ya maji ilikuwa na nafasi ambayo mama wa Mwanza asingeielewa, na saa za kuyafuata hazikuandikwa na karani yeyote.

Kuna na upande wa watu. Aliye mjini hupokea wageni wa kijijini, wagonjwa, watoto wa shule, na simu za michango ya misiba na harusi. Aliye kijijini hupokea wageni pia, lakini huwapa viazi vya shambani. Wa mjini huwapa mchele wa dukani. Ukarimu ni mmoja, gharama zake mbili.

Kijana wetu, kabla hajauza baiskeli, na ampigie tena rafiki yake simu. Asimwulize "mshahara ni kiasi gani" tu. Amwulize kilo ya unga na ya maharage ni kiasi gani mwezi huu, asimwulize sahani ya wali, maana sahani hazina kipimo. Amwulize chumba kiko umbali gani na kazi, na daladala ngapi. Amwulize maji na umeme vimo katika kodi au vyalipwa mbali. Amwulize mshahara wa kwanza hutolewa lini. Na zaidi ya yote amwulize mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi mingapi mbele, kwa kuwa wengi wa Dar es Salaam hutaka miezi sita: kwa chumba chetu cha mfano ni shilingi 420,000, zitakiwazo siku ile anaposhuka kwenye basi, kabla hajafanya kazi hata siku moja.